Injini ya Gari Kwenye Pua ya Ndege



Kila baada ya miaka michache, hapa kwetu na kwa majirani zetu, husikika habari za kijana aliyeunda ndege nyuma ya nyumba yao. Watu hujaa, picha hupigwa, viongozi hufika kumpongeza. Ukichungulia ndani ya ndege ile, mara nyingi utakuta injini ya gari au ya pikipiki iliyotoka kwa muuza spea. Siku ya majaribio ndege huunguruma, hukimbia uwanjani, na haipai. Au hupaa kidogo, ikarudi chini kwa kishindo. Baada ya hapo hatusikii tena.

Kimya hicho kinaniuma. Vijana hawa hawakosi akili wala bidii. Wanachokosa ni mtu wa kuwaambia mapema kwamba swali la injini lina historia ndefu, kwamba kuna watu wamehangaika nalo kwa karibu miaka 100, wengine kwa kulipa kwa maisha yao, na waliyoyagundua yanajulikana. Kwa hiyo jioni hii tuzungumze hilo tu. Umeamua kuunda ndege ndogo ya mtu mmoja au wawili. Injini ya gari ipi ichukuliwe, na kwa sababu gani?

Kwanza, kwa nini mtu afikirie injini ya gari? Sababu ni fedha. Rotax 912, injini ya Austria ambayo leo imo katika ndege ndogo nyingi duniani, huuzwa ikiwa mpya kwa zaidi ya dola 20,000. Ni injini nzuri, ilizaliwa kwa ajili ya ndege, na mwenye uwezo wa kuinunua namshauri ainunue, mazungumzo yaishie hapo. Lakini injini ya mtumba ya gari, pale Ilala, Dar es Salaam, au kule Kirinyaga Road, Nairobi, hupatikana kwa sehemu ndogo sana ya fedha hiyo. Tena hunywa petroli ya kituo cha kawaida, wakati petroli maalumu ya ndege, ile AVGAS, ni ghali na haipatikani katika kila kiwanja. Hamu ya kutumia injini ya gari ni ya haki kabisa.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Gari dogo lenye injini ya nguvu ya farasi 100, likitembea kilomita 80 kwa saa kwenye lami tambarare, hutumia farasi 20 au pungufu. Zilizobaki huhitajika wakati wa kulipita gari la mbele au kupanda kilima, kwa dakika chache, kisha injini hupumzika. Ndege hupaa kwa nguvu zote ilizo nazo, na ikishafika juu hubaki kwenye asilimia 75 hivi ya nguvu hizo kwa saa moja, mbili, hata tatu. Fikiria lori lililosheheni linapanda Mlima Kitonga, dereva amekanyaga mafuta karibu mpaka chini, na mlima wenyewe unaendelea hivyo hivyo hadi Tunduma bila mteremko hata mmoja. Kwa hiyo muuzaji anapokuambia injini hii ina farasi 110, muulize inaweza kuzitoa kwa muda gani bila kuchemsha na bila kunoki. Hilo ndilo swali la kwanza, na wengi hawaliulizi.

Mtu aliyelielewa mapema, na ambaye mimi namheshimu sana, ni Bernard Pietenpol, fundi wa kijiji cha Cherry Grove, jimbo la Minnesota, Marekani. Alizaliwa mwaka 1901. Hakusomea uhandisi, alijifundisha. Alianza na injini ya Ford Model T, akaona haitoshi. Ford walipoleta Model A mwishoni mwa 1927, aliichunguza na kuona ndani yake kile alichokuwa akikitafuta, na mwaka 1929 akaruka nayo katika ndege ya mbao na kitambaa, yenye viti viwili na bawa moja juu ya vichwa vya waliomo. Aliiita Air Camper. Wakati huo Weston Farmer, mhariri wa jarida moja la mafundi, alikuwa ameandika kwamba injini ya gari haifai kurushia ndege. Mwaka 1930 Pietenpol na wenzake wakamfuata Minneapolis na ndege mbili, wakamwonyesha kwa macho. Farmer akabadili msimamo, michoro ya Air Camper ikachapishwa, na hadi leo kuna watu wanaiunda.

Sikiliza hesabu hii kwa makini. Injini ya Model A ilikuwa na ujazo wa lita 3.3, ikitoa farasi 40 kwa mizunguko 2,200 kwa dakika. Injini ya ndege aina ya Continental O-200, ile iliyorusha maelfu ya Cessna 150 ambazo marubani wengi walijifunzia, nayo ina ujazo wa lita 3.3, lakini hutoa farasi 100 kwa mizunguko 2,750. Ujazo mmoja, na tofauti ya farasi 60. Ukitazama haraka haraka utasema injini ya Ford ilikuwa goigoi. Pietenpol alitazama vingine. Aliona injini inayozunguka polepole, isiyojikaza, ambayo propela ndefu ya mbao, karibu mita 2, inaweza kufungwa kwake moja kwa moja bila gia yoyote katikati. Aliigeuza, propela ikakaa upande wa flaiwili penye nguvu, akatoa mfumo wa moto wa gari na kuweka magneto, ambayo huzalisha cheche zake yenyewe bila kutegemea betri. Rejeta aliisimamisha juu ya pua, mbele ya macho ya aliyeketi, haikuwa nzuri kutazama, lakini ilipoza. Injini nzima ilikuwa na kilo 110 hivi, uzito mkubwa kwa farasi 40, naye akachora ndege yenye bawa pana la kuubeba uzito huo kwa mwendo wa taratibu.

Umeona alivyofanya? Alianza na injini aliyokuwa nayo, kisha akachora ndege inayoifaa. Vijana wetu wengi huanza na picha ya ndege waliyoipenda, wakaiunda kwa mabati na bomba za chuma mpaka ikawa nzito mno, halafu ndipo wakatafuta injini ya kuinyanyua. Kwa njia hiyo utatafuta farasi wengi zaidi kila siku, na hawatatosha.

Nimetaja propela kufungwa moja kwa moja. Hapa tukae kidogo, maana ndipo njia zinapogawanyika.

Ncha ya propela ina mpaka wake wa mwendo. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, na ncha ikikaribia mwendo huo, hewa hugoma kuvutwa vizuri. Kelele huzidi na mvuto hupungua. Chukua injini ya kisasa ya Toyota, ile 1NZ iliyomo kwenye Probox na magari mengine mengi tunayoyaona barabarani. Ujazo wake ni lita 1.5, bloku yake ni ya aluminiamu, na farasi wake 109 hupatikana kwa mizunguko 6,000. Ifungie propela ya mita 1.5 moja kwa moja, uizungushe 6,000: ncha itakwenda mita 470 kwa sekunde. Imeipita sauti kwa mbali. Propela ya namna hiyo hupiga kelele ya kutisha na kuvuta kidogo sana, na hii ni sababu moja kubwa ya ndege nyingi za mitaani kuunguruma bila kupaa. Ukiamua kuizungusha kwa 2,700 tu ili ncha iwe salama, injini ile haitoi tena farasi 109. Inatoa kama nusu, wakati uzito umebaki uleule.

Basi zipo njia mbili. Ya kwanza, tafuta injini inayotoa nguvu ya kutosha ikizunguka polepole, ufunge propela moja kwa moja. Ya pili, chukua injini ya mbio, uweke kati yake na propela gia au mkanda wa kupunguza mwendo. Mimi niko upande wa ile ya kwanza.

Injini iliyoifungua njia hiyo kwa watu wengi zaidi ni ya Volkswagen, zile gari za mgongo wa mviringo ambazo wazee wetu wanazikumbuka, na ambazo mwaka 1962 zilishinda Safari Rally katika tope na vumbi la Afrika Mashariki. Silinda zake 4 zimelala ubavuni, mbili huku na mbili huku. Hupozwa kwa hewa, kwa hiyo hakuna rejeta wala bomba la maji la kupasuka. Ni nyepesi, na ni fupi kwa kimo, hivyo rubani huona mbele. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mafundi wa Ulaya waliokuwa hawana fedha za injini za ndege waliikimbilia, na ndege za kiti kimoja kama Jodel D.9 na Druine Turbulent zikarushwa kwayo. Kule Ujerumani kampuni ya Limbach ilitengeneza injini za nasaba hiyo hiyo zikapata hati rasmi ya kurushia ndege zenye mabawa marefu ya kuelea hewani. Volkswagen hizo zilitengenezwa zaidi ya milioni 21, na spea zake bado zinatengenezwa.

Lakini nisiipambe. Ina udhaifu unaojulikana, na ninautaja kwa sababu kujulikana kwake ndiko kunakoifanya iaminike. Beringi ya upande wa puli, ambako propela hufungwa katika nyingi ya injini hizi, ni nyembamba kuliko nyingine, kwa sababu kwenye gari ilibeba mkanda wa feni tu. Silinda hedi zake ni ndogo na hazitoi joto haraka. Anayeipanua mpaka ujazo wa lita 2.18 na kudai farasi 80 ajue hao ni wa kupaia tu; akiwakamua saa nzima valvu zitaungua. Na kwa kuwa nguvu zake huja kwenye mizunguko 3,400 hivi, propela yake lazima iwe fupi, mita 1.4 au karibu na hapo. Kwa kipimo hicho ncha huenda mita 250 kwa sekunde, ni salama, lakini propela fupi hushika hewa kidogo. Continental A-65, injini ya zamani ya ndege, ina farasi 65 kwa mizunguko 2,300 na propela ndefu. Volkswagen yenye farasi 65 ni sawa nayo kwenye karatasi tu. Katika ndege nzito na ya polepole, Continental itavuta vizuri zaidi kila mara. Ndiyo maana Volkswagen inafaa ndege ndogo, nyembamba, ya kiti kimoja au viti viwili vya kubanana, na yeyote atakayeipachika kwenye ndege pana kama trela atakata tamaa.

Baada yake ikaja Corvair, gari la Chevrolet la miaka ya 1960 hadi 1969. Huku kwetu halikuenea. Lile gari lilipata jina baya: Ralph Nader, katika kitabu chake cha mwaka 1965, alilishutumu kwa jinsi magurudumu yake ya nyuma yalivyofungwa. Injini haikuwa na kesi hiyo. Ina silinda 6 za kulala, hupozwa kwa hewa, ina lita 2.7, na hutoa farasi 100 kwa mizunguko iliyo chini kiasi cha kufunga propela bila gia. Pietenpol huyo huyo, miaka zaidi ya 30 baada ya kuanza, aliitoa Ford akaweka Corvair katika ndege yake moja, na tangu mwisho wa miaka ya 1980 fundi mwingine Mmarekani, William Wynne, ameifanya kuwa kazi ya maisha yake kuwafundisha watu jinsi ya kuibadilisha.

Kisha, miaka ya 2000, krankshafti zikaanza kukatika. Krankshafti ni ule mhimili wa chuma unaozungushwa na pistoni, na ndiko propela iliko. Kwa miaka mingi Corvair ziliruka katika ndege za taratibu bila shida, mpaka zilipoingia katika ndege za mwendo mkali na za kugeukageuka. Kwenye gari, mwisho wa mhimili ule ulikuwa ukisukumwa na klachi basi. Kwenye ndege, propela inayozunguka hukataa kugeuzwa: rubani akiinua pua au akipinda kwa ghafla, propela hung'ang'ania mahali pake, na mhimili hupindwa kidogo, mara nyingi kwa dakika, kwa saa nyingi, mpaka ufa mdogo usioonekana unaanza. Injini ile ina beringi kuu 4, zote ndani, na propela ilikuwa inaning'inia nje. Waundaji wakakutana, wakapimana vyuma, wakaongeza beringi ya tano karibu kabisa na propela, wakaanza kuzipima krankshafti kwa sumaku na unga wa chuma kabla ya kuzifunga, na kuitia ugumu ngozi yao ya juu ili zisipate ufa. Leo anayejenga Corvair anajua hayo kabla ya kufungua boliti ya kwanza.

Hapo, msikilizaji, ndipo msingi wa ushauri wangu wote ulipo. Injini ambayo bado haijavunjika hadharani huenda haijaruka vya kutosha. Mimi nachagua ile ambayo imeruka maelfu ya saa katika mikono ya watu wengi, ikakatika, ikachunguzwa, ikarekebishwa, na maelezo yakaandikwa. Ukiwa wa kwanza kurusha aina fulani ya injini, kila kasoro yake utaigundua wewe, ukiwa juu.

Twende njia ya pili, ya gia na mikanda. Subaru ndiyo imeitawala. Injini yake ya zamani, EA81, yenye silinda 4 za kulala na lita 1.8, imependwa mno na waundaji wa ndege zile zenye panga la juu lisilosukumwa na injini. Nami naipenda kuliko warithi wake kwa sababu moja ndogo: kemshafti yake huendeshwa kwa gia za chuma, wakati nyingi za zilizofuata zina mkanda wa taimingi, na mkanda huo ukikatika angani hakuna cha kufanya zaidi ya kutafuta shamba la kutua.

Shida ya njia hii haiko ndani ya injini. Iko katika kile kifaa cha kupunguza mwendo. Pistoni haisukumi mhimili kwa ulaini, huupiga. Kila mlipuko ni pigo, na mhimili hujikunja na kujikunjua kama chemchemi ngumu. Upande wa pili kuna propela, nzito, isiyotaka kubadilisha mwendo. Gia au mkanda ulio katikati hupokea mapigo hayo yote. Kuna mzunguko fulani ambapo mapigo na mtikisiko wa propela hukutana na kuchocheana, na hapo meno ya gia husagika, mikanda huchanika, mihimili hukatika, pengine kwa saa chache tu. Kuupata mzunguko huo kunahitaji vipimo na hesabu ambazo gereji ya kawaida haina. Mtu anayechonga gia zake mwenyewe kwa mashine ya mtaani, hata kama ni fundi hodari, anacheza na jambo ambalo haliwezi kuonekana kwa macho wala kusikika kwa sikio.

Na kampuni zenye wahandisi na fedha, je, zilifaulu kugeuza injini za gari kuwa za ndege? Porsche, kwa jina lao na wahandisi wao, waliibadilisha injini ya lita 3.2 ya gari lao la 911 kuwa injini ya ndege katika miaka ya 1980. Ndege zilizouzwa zikawa chache, na wakaiacha. Toyota walipata hati ya Marekani kwa injini ya ndege iliyotokana na V8 ya Lexus mwaka 1996, hawakuiingiza sokoni. Thielert wa Ujerumani walichukua dizeli ya Mercedes ya gari dogo la A-Class, wakapata hati mwaka 2002, ikauzwa kweli kweli, na ikatumia mafuta ya jeti yanayopatikana hata mahali pasipo na AVGAS. Hata hivyo giaboksi yake mwanzoni ilitakiwa kushughulikiwa kila baada ya saa 300. Saa 300 kwa chuo cha urubani ni miezi michache.

Injini hiyo hiyo ilitoa funzo lingine, Speyer, Ujerumani, Machi 2007. Ndege ya injini mbili aina ya DA42 ilikuwa na betri iliyolala, ikawashwa kwa umeme wa nje. Ikapaa. Rubani alipokunja magurudumu, mfumo wa kuyakunja ukavuta umeme mwingi, kompyuta zinazoendesha injini zikazimika kwa nukta, na injini zote mbili zikasimama kwa pamoja. Waliokuwemo walinusurika. Hakuna chuma kilichovunjika, wala mafuta hayakuisha; ulikuwa umeme tu. Sasa jiulize kuhusu injini ya mtumba ya Honda au Toyota yenye pampu ya petroli ya umeme, koili za umeme, na kompyuta inayokataa kuwasha moto kama haioni funguo yake. Alteneta ikifa, una muda wa betri tu. Injini ya ndege ina magneto mbili na plagi mbili kwa kila silinda ili moja ikifa nyingine iendelee. Anayeleta injini ya gari lazima alijibu swali hilo kwa namna fulani: betri mbili, au magneto, au mifumo miwili ya moto isiyotegemeana. Asiyelijibu hajamaliza kuunda ndege yake.

Na ndivyo ilivyo kwa mengi yanayosimamisha injini za gari angani. Bloku huwa nzima. Kinachokatika ni waya uliosuguliwa na mtikisiko, bomba la maji lililofungwa kwa klipu moja, petroli iliyochemka ndani ya mpira uliopita karibu na ekzosi ikawa mvuke, kabureta iliyoganda barafu ndani katika siku ya joto la nyuzi 20 na unyevu mwingi. Ndiyo, barafu, hata huku kwetu, kwa sababu petroli inapogeuka mvuke hunyonya joto. Muundaji anayetumia mwaka mzima kung'arisha pistoni na jioni moja kufunga mabomba amegawa muda wake kinyume.

Jambo moja linatuhusu sisi zaidi kuliko Wamarekani wa Minnesota: mwinuko. Kiwanja cha Wilson, Nairobi, kiko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Hewa pale ni nyepesi kwa asilimia 15 hivi kuliko ya Mombasa, na siku ya jua kali ni nyepesi zaidi. Injini ya farasi 60 inakuwa ya farasi 50, na bawa nalo linashika hewa kidogo. Ndege iliyopaa vizuri pwani inaweza kumaliza uwanja mzima kule nyanda za juu bila kunyanyuka. Michoro ya Ulaya inaposema farasi 45 zinatosha, imepimwa karibu na bahari na kwenye baridi. Ongeza, au punguza uzito, na kupunguza uzito ni bora.

Sasa uamuzi. Kama ndege yako ni ya kiti kimoja na utakayoiunda ni ya mbao na kitambaa, nyepesi, chukua Volkswagen, usiipanue kupita kiasi, na nunua hubu ya propela kutoka kwa watu wanaozitengeneza kwa kazi hiyo. Kama ni ya viti viwili na unaweza kuagiza Corvair, iwe na beringi ya tano. Kama moyo wako uko kwenye Subaru, chukua gia ya kupunguza mwendo iliyokwisha kuruka na injini hiyo hiyo na propela ya uzito huo huo, usibadilishe hata kimoja. Hiyo 1NZ ya Probox, kwa kijana wa peke yake, mimi siichagui, ingawa najua ndiyo iliyo karibu na mkono wake kuliko zote.

Ukishaipata, ifungue yote, hata kama aliyekuuzia ameapa ni nzima. Pima krankshafti. Tupa mipira yote ya zamani. Ikishafungwa kwenye ndege, ifunge ndege kwenye mti imara, mzani wa kuning'inia ukiwa katikati ya kamba, uwashe kwa nguvu zote usome inavuta kilo ngapi, na irudie kwa saa nyingi ukitazama joto la hedi na la oili. Inua pua mpaka pembe ya kupaia, fungua bomba la petroli kwenye kabureta, upime petroli inayotoka kwa dakika: kama inateremka yenyewe bila pampu, iwe mara moja na nusu ya ile injini inayoitumia wakati wa kupaa. Wapo walioanguka kwa kukosa kipimo hiki kimoja, na vifaa vyake ni ndoo na saa.

Marekani, ndege ya kuundwa nyumbani yenye injini na propela zilizo na hati hupewa kwa kawaida saa 25 za majaribio, bila abiria, mbali na makazi ya watu. Yenye injini isiyo na hati, kama hizi tulizozizungumza, hupewa saa 40. Kwa hapa Tanzania, kabla hujakata ubao wa kwanza, peleka michoro na jina la injini yako kwa mamlaka ya usafiri wa anga, TCAA, au KCAA ukiwa Kenya, uwaulize watataka kuona nini na uandike wanachokujibu.